Goma imefungiwa nini, na nani aliyefunga?

Ndugu wasomaji na wasikilizaji wetu, hasa ninyi mliotoka Masisi, Rutshuru, Nyiragongo na Walikale na ambao bado mko kwa ndugu au kwenye vyumba vya kupanga hapa mjini, kuna neno moja ambalo siku hizi linasikika kila mahali, kwenye motari, sokoni Virunga, hata baada ya misa: vikwazo. Banki ikifungwa, watu wanasema ni vikwazo. Ndege isipotua, ni vikwazo. Bariyeri ikifungwa mapema, ni vikwazo. Na redio ikitangaza kwamba Marekani au Umoja wa Ulaya umemwekea mtu fulani vikwazo, kuna wamama wanaokimbilia dukani kununua unga kabla bei haijapanda.

Hayo ni mambo matatu. Kila moja lina mwenyewe wake na historia yake, na mizigo yake haiwaangukii watu wale wale. Mwenye kuyachanganya atamlaumu asiyehusika na kumwacha anayehusika akipita zake. Ndiyo maana nimeona turudi nyuma kidogo.

Tuanze na mpaka. Mstari unaotutenga na Gisenyi ulikubaliwa Brussels mwaka 1910, kati ya Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza. Wakati huo Goma ilikuwa kituo kidogo tu cha Wabelgiji, kikitazamana na kituo cha Wajerumani upande wa pili. Miaka minne baadaye vita vya kwanza vya dunia vikaanza, na mpaka huo mpya ukawa uwanja wa vita. Septemba 1914 Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi, wakakaa huko hadi 1916, mwaka ambao jeshi la Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur liliingia Rwanda. Waliobeba risasi na chakula cha jeshi hilo vichwani ni maelfu ya wapagazi wa Kongo. Kwa hiyo mara ya kwanza mpaka wetu kufungwa kwa sababu ya vita, mabwana wa pande zote mbili walitoka Ulaya, na migongo ilikuwa ya huku kwetu.

Baada ya hapo Ubelgiji ikatawala pande zote mbili, na mpaka ukawa kama ua kati ya mashamba mawili ya bwana mmoja. Watu walioana, walilima ng'ambo, walizika ng'ambo. Uhuru ulipokuja, Kongo 1960 na Rwanda 1962, mpaka ulipata uzito wa serikali mbili, lakini miguu ya watu haikubadilika. Septemba 1976 Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda jumuiya ya CEPGL, makao yake yakiwa pale pale Gisenyi, na kutoka hapo tukapata ile karatasi ya kuvukia ambayo wazee wengi bado wanaiita tu "CEPGL". Hadi leo, mama wa Birere anayevuka Petite Barrière na jetoni ya siku moja akienda kutafuta mboga, nyanya au maziwa, hajioni kuwa anakwenda nchi ya kigeni. Anakwenda sokoni.

Kabla ya Covid, Petite Barrière ilihesabiwa kati ya njia za mpakani zinazovukwa na watu wengi zaidi kwa miguu katika Afrika nzima, makumi ya maelfu kila siku. Wengi wao ni wamama wenye mtaji mdogo sana, mtaji unaoliwa jioni ya siku ile ile. Kumbukeni jambo hilo. Tutalirudia.

Sasa tuje kwenye vikwazo vyenyewe, yaani vile vinavyotoka New York. Tarehe 17 Mei 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 918 na kukataza silaha kupelekwa Rwanda. Katikati ya mwezi uliofuata, Juni, ndege ilitua mara mbili kwenye kiwanja chetu cha Goma ikiwa na silaha kutoka Shelisheli. Karatasi zilisema zimenunuliwa na Zaire. Tume ya uchunguzi ambayo Umoja wa Mataifa uliiunda Septemba 1995 ilionyesha kwamba aliyeshughulikia ununuzi huo ni Kanali Théoneste Bagosora, na kwamba silaha zilikwenda kwa jeshi la serikali iliyokuwa inaua. Katikati ya Julai karibu watu milioni moja walivuka kuingia Goma kwa siku chache. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Wenyeji waliokuwa watu wazima mwaka huo hawahitaji kuelezwa harufu ya barabara ya kwenda Munigi na Kibumba.

Mimi naona kisa hicho ndicho kinachoeleza historia yote iliyofuata. Marufuku ilikuwa imeandikwa vizuri, tena na nchi zenye nguvu. Lakini silaha zinapanda ndege, zina karatasi, zina mnunuzi mwenye cheo. Nyanya haina karatasi, na inatembea kwa miguu. Ukifunga njia kwa jumla, cha kwanza kukwama ni kile kinachotembea.

Jirani zetu wa Burundi walijifunza hilo kwa uchungu. Meja Pierre Buyoya alichukua madaraka kwa nguvu tarehe 25 Julai 1996. Siku sita baadaye, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha, Mwalimu Julius Nyerere akiwa mpatanishi, wakaamua kuifungia Burundi biashara yote. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Ethiopia, na Zaire yetu, wote walikuwemo. Nia haikuwa mbaya: walitaka mazungumzo ya amani. Lakini mafuta ya gari yakawa dhahabu, bei ya vitu Bujumbura ikapanda, mbolea na dawa zikakosekana, hadi Aprili 1997 jirani hao hao wakalegeza masharti ili chakula, dawa, vifaa vya shule na pembejeo za kilimo vipite. Wenye malori na marafiki wakubwa walitajirika kwa njia za panya, zikiwemo za Ziwa Tanganyika. Vikwazo vilisimamishwa tarehe 23 Januari 1999. Ni kweli kwamba mazungumzo ya Arusha yalifanyika na mkataba ukatiwa saini mwaka 2000, na wapo wanaosema bila vikwazo Buyoya asingekuja mezani. Huenda. Ila mkulima wa Ngozi hakuwa amepindua mtu yeyote.

Dunia ilikuwa imeona jambo kama hilo, kubwa zaidi, huko Iraq tangu 1990. Ndipo wakubwa wa New York wakabadili dawa: badala ya kufungia nchi, wafungie majina. Na mahali pa kuijaribu dawa hiyo palikuwa ni hapa kwetu.

Azimio 1493 la tarehe 28 Julai 2003 lilikataza silaha kwa makundi yote yenye kupigana Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri. Machi 2004 azimio 1533 likaunda kamati ya vikwazo na Kundi la Wataalamu, wale ambao ripoti zao tunazisoma kila mwaka. Aprili 2005 azimio 1596 likaongeza adhabu mbili: mtu aliyeandikwa kwenye orodha asisafiri nje ya nchi, na mali yake yote iliyo nje izuiwe. Tarehe 1 Novemba 2005 majina ya kwanza yalitoka. Mwezi Machi 2007 yaliongezwa makampuni, yakiwemo ya ndege ya hapa Goma na wanunuzi wawili wa dhahabu wa Kampala, Machanga na Uganda Commercial Impex.

Je, orodha ilifanya kazi? Tumtazame Bosco Ntaganda. Jina lake lilikuwemo tangu siku ile ya kwanza, Novemba 2005. Mwaka uliofuata Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikatoa hati ya kumkamata. Hata hivyo tangu 2009 alikuwa jenerali wa jeshi la taifa, anaishi hapa hapa Goma, anaonekana kwenye mahoteli na kwenye uwanja wa tenisi, na askari wa Umoja wa Mataifa wanapita na magari yao meupe. Asiye na safari ya Paris wala akaunti Geneva, umemnyima nini? Kilichomtoa ni ugomvi ndani ya kundi lake mwenyewe: Machi 2013 alijipeleka kwenye ubalozi wa Marekani mjini Kigali, na mwaka 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka 30.

Lakini orodha si bure kabisa. Kwa mwenye kampuni, mwenye biashara ya nje, mwenye kutuma dola, jina kuandikwa ni ugonjwa. Banki za nje zinamkimbia, na wenye bima na wenye ndege wanamkimbia. Ndiyo maana inauma zaidi juu kuliko chini, na kwa maoni yangu hilo ni jambo la haki kuliko ile dawa ya Burundi.

Kuna hadithi moja ya katikati ambayo wachimbaji wa Walikale na Masisi hawajaisahau. Julai 2010 Rais Obama alitia saini sheria ya mambo ya fedha ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni ya soko la hisa la Marekani yaeleze kama yanatumia bati, koltani, wolframu au dhahabu ya Kongo na jirani zake. Watu wetu wakaiita "sheria ya Obama". Haikukataza kununua. Ilisema tu: eleza. Septemba mwaka huo huo Rais Kabila akasimamisha uchimbaji wote katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Alipofungua, wanunuzi walikuwa wameshaondoka, kwa sababu tangu Aprili 2011 viwanda vikubwa vya kuyeyusha madini viliona ni rahisi kuikwepa Kongo nzima kuliko kuchunguza gunia kwa gunia. Ndege ndogo zilizokuwa zinashuka kwenye barabara ya lami kule Kilambo kubeba kasiteriti ya Bisie zikapungua. Wachimbaji, wabebaji, wenye vibanda vya chakula, wote walibaki mikono mitupu, na karo ya watoto ikakosekana. Hakuna serikali iliyotia saini vikwazo dhidi yao. Woga wa wanunuzi ulitosha.

Mwaka 2012 M23 ilipoinuka, dunia ilijaribu njia nyingine tena. Julai Marekani ilizuia dola 200,000 za msaada wa kijeshi kwa Rwanda, pesa kidogo sana, lakini ishara ilisikika. Ujerumani, Uholanzi, Sweden na Uingereza nazo zikasimamisha sehemu ya misaada yao. Goma ilitekwa 20 Novemba 2012 na kuachwa siku kumi na moja baadaye. Novemba 2013 kundi lilishindwa. Wengine wanasema ni misaada iliyokatwa, wengine wanasema ni ile brigedi ya Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi iliyoruhusiwa na azimio 2098. Nadhani moja bila lingine lisingetosha.

Turudi sasa bariyeri. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa Covid, na kwa mara ya kwanza wamama wa Petite Barrière walijua maana ya kufungiwa kwa miezi na miezi. Walilazimika kujiunga pamoja, kukusanya pesa, na kutuma gari moja liwaletee bidhaa. Aliyekuwa na dola 20 za mtaji hakuwa na nafasi kwenye gari hilo. Mtaji ukaliwa nyumbani. Wengi hawakurudi tena kwenye biashara.

Kisha vita. Bunagana iliangukia mikononi mwa M23 tarehe 13 Juni 2022, na njia ya Uganda ikabadili mwenyewe. Siku mbili baadaye Kinshasa ilisimamisha mikataba yake na Rwanda. Tarehe 17 Juni askari mmoja wa Kongo aliingia Petite Barrière akifyatua risasi, akauawa upande wa Rwanda. Tangu hapo mpaka ukaamriwa kufungwa saa tisa mchana. Kwa afisa wa ofisini, saa tisa ni saa tu. Kwa mwenye kuuza sambaza au nyanya, saa nane ndiyo saa ambayo mnunuzi anaanza kucheka, kwa sababu anajua lazima utauza kwa bei yake au utavuka na mzigo unaooza. Na wale Wakongo waliokuwa wamepanga nyumba Gisenyi huku wakifanya kazi Goma, walichagua kati ya kazi na kitanda.

Upande wa ndani nako kulifungwa. Oktoba 2022 barabara ya Rutshuru ilikatika. Mwanzoni mwa 2024 barabara ya Sake nayo ikakatika, na maharagi, viazi na jibini ya Masisi vikaanza kuja kwa kuzunguka, kupitia Minova na ziwa. Tarehe 3 Oktoba 2024 mtumbwi mkubwa uliotoka Minova, umejaa watu na mizigo, ulizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakitazama kutoka ufukweni. Makumi walikufa. Wengi wao hawakuwa watu wa kusafiri kwa maji. Walipanda kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa na bunduki. Hakuna orodha ya New York iliyowaandika, wala hakuna azimio lililowakataza kutumia gari.

Na Januari 2025 sote tunaijua. Minova tarehe 21, Sake tarehe 23, kisha Goma usiku wa kuamkia 27. Bariyeri zilifungwa, maji na umeme vilikatika, hospitali zilijaa hadi uani. Tarehe 9 Februari walio kwenye kambi za Bulengo, Lushagala na nyinginezo walipewa saa 72 kuondoka. Ninyi mliokunja mahema yenu siku hizo mnajua kwamba bariyeri zilizofunguliwa tena baada ya siku chache hazikumaanisha kwamba maisha yamefunguliwa.

Kwa sababu hapo ndipo lilipoingia jambo la tatu, lile ambalo watu wanaliita vikwazo na ambalo si vikwazo vya kimataifa hata kidogo: banki na kiwanja cha ndege. Banki za Goma zilifungwa tangu vita vilipoingia mjini, na Kinshasa haikukubali zifunguliwe chini ya AFC/M23. Tarehe 7 Aprili 2025 AFC/M23 ilifungua CADECO, bila banki nyingine kufuata. Hivyo mshahara wa mwalimu unatoka Kinshasa hadi kwenye simu, halafu mwenyewe anamlipa wakala sehemu ili apate noti, au anavuka kwenda Gisenyi kuzitafuta. Tazameni jinsi mambo yalivyogeuka: bariyeri ile ile iliyokuwa ya kununulia nyanya imekuwa mlango wa banki.

Je, ndugu, uamuzi huo ulitoka New York? Hapana. Washington? Hapana. Ni uamuzi wa pande mbili zinazopigana, kila moja ikiogopa kwamba pesa na ndege zitamnufaisha mwenziwe. Kuna hoja za kweli ndani yake: serikali ikituma noti mjini, nani ataziangalia? Lakini tusimpe Baraza la Usalama mzigo ambao si wake, maana kwa namna hiyo wenye mzigo wanapumzika.

Na yale majina yanayosomwa redioni? Agosti 2023 Marekani iliwaandika watu sita siku moja: watatu wa FDLR, mmoja wa M23, afisa mmoja wa jeshi letu na afisa mmoja wa jeshi la Rwanda. Julai 2024 ikauandika muungano wa AFC. Tarehe 20 Februari 2025 waliandikwa James Kabarebe, waziri wa Rwanda, na Lawrence Kanyuka, msemaji wa AFC/M23. Tarehe 17 Machi Umoja wa Ulaya uliandika watu tisa na kiwanda cha dhahabu cha Gasabo cha Kigali, na siku hiyo hiyo Rwanda ikakata uhusiano na Ubelgiji. Agosti wakafuata kundi la PARECO-FF, ushirika mmoja wa madini ya Rubaya, na makampuni mawili ya Hong Kong. Rubaya yenyewe iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kodi ya koltani huko kuwa karibu dola 800,000 kwa mwezi.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizo linalomkataza mtu wa Majengo kununua sukari, kupokea dola 50 kutoka kwa mtoto wake aliye Kampala, au kupewa unga na shirika la misaada. Kuhusu misaada, azimio 2664 la Desemba 2022 linasema wazi kwamba kuwasaidia wenye shida si kuvunja vikwazo vya Umoja wa Mataifa vya kuzuia mali. Shida ni ile ile ya mwaka 2011: woga. Banki ya mbali ikiona neno "Goma" kwenye karatasi, inaweza kukataa tu ili isiulizwe. Mtumaji akiambiwa hivyo, aulize kifungu gani kinamkataza. Mara nyingi hakipo.

Jambo la mwisho kwa wanaotaka kufuatilia. Vikwazo vya New York vina tarehe ya kuisha, na kila mwaka mwishoni mwa Juni wajumbe 15 wa Baraza hupiga kura kuviongezea muda au kuviacha. Tarehe 30 Juni 2025, kwa azimio 2783, waliviongeza hadi 1 Julai 2026. Aliyeandikwa anaweza hata kupeleka ombi aondolewe, na kuna ofisi ya kulipokea tangu 2006. Banki zetu na kiwanja chetu cha ndege havina tarehe kama hiyo wala ofisi ya kupokea ombi. Vinategemea wanaokaa mezani Doha.